Nani Alizima Sauti ya Evelyne

Nangara, Babati
9 Oktoba 2022

Evelyne,

Wazee wa posa wamerudi Bashnet na asali yao haijafunguliwa, na aliyewarudisha si wewe wala mimi wala baba yako. Ni watu wa mtandao.

Hujambo mwanangu? Sisi wazima. Nimekupigia tangu jana mchana, simu haipatikani, nikasema basi, nitaandika. Barua haina kale kaduara ka kuzungukazunguka. Itakuja kwa basi mpaka Newala, na muuguzi mwenzako aliyeko zamu akupelekee.

Sasa sikiliza ilivyokuwa upande wetu, maana wewe huko najua ulikuwa unaona giza tu. Tivii tuliifunga ukutani sebuleni, fundi akaiunganisha na simu, uso wako ukawa mkubwa kama wa mtangazaji wa habari. Mtaa mzima ulikuwepo. Waliokosa viti walisimama dirishani, na hao nao walikula. Mama Joyness alivaa lile gauni lake la kila sherehe akaja kukaa karibu na kitenge changu kipya, kosa lake mwenyewe. Nikawaambia wote, huyu mnayemwona hapa ni mkunga, anapokea watoto wa Mtwara nzima, na likizo hakupewa kwa sababu bila yeye watoto hawazaliwi.

Basi mzee Baltazar akasimama, ndoo ya asali miguuni pake, Sosthenes pembeni na suti. Akakuuliza kama desturi: "Evelyne binti Romanus, hawa waliokuja unawataka? Tufungue?" Wewe kimya. Midomo imefungwa, macho mbele, kama picha ya kitambulisho. Akauliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu. Mimi nikaruka, nikasema jamani mtandao umeganda, nikazima kile kiboksi chenye taa nikakiwasha upya, ndiyo ukapotea kabisa.

Desturi unaijua. Binti akiulizwa mara tatu akanyamaza, amekataa, na wenye asali wanabeba asali yao. Mzee akainama akashika ndoo. Nikamwambia, baba, mtoto anakubali, huu ni mtandao. Akanijibu, "Mimi nimeona uso. Mtandao sijauona." Mtu ana ng'ombe wote wale na hajui waifai ni kitu gani.

Usilie. Mume wako atarudi na duka lake la vifaa vya ujenzi. Kesho kutwa naanza na hao wa mtandao, na watanijua.

Mama yako,
Antonia


Nangara, Babati
11 Oktoba 2022

Kwa Meneja,
Mnara Mwema Intaneti,
Babati Mjini

Umemnyima binti yangu mume. Salamu nitakupa mwisho wa barua ukistahili.

Mimi ni Mama Evelyne wa Nangara, nyumba ya geti la bluu, huwezi kupotea, ndiyo nyumba nzuri. Nimesoma mpaka darasa la saba, lakini kusoma najua, na bango lenu pale stendi nimelisoma: BILA KIKOMO. Herufi kubwa kama mlango wa kanisa. Chini mmechora duma anakimbia. Nilipokuja kujiunga, yule binti wenu mwenye kucha ndefu aliniambia, "Mama, tumia mpaka uchoke." Sikuchoka mimi. Mmechoka nyie.

Kila mwezi ni hivyohivyo. Siku za mwanzo maji yanatiririka. Tukifika katikati ya mwezi, misa ya mtandaoni padre anainua mikono hateremshi tena. Nikipiga simu kwenu naambiwa zima uwashe. Nimezima nimewasha mpaka swichi imelegea. Duma wenu huyo ana homa, mpelekeni kwa daktari wa mifugo.

Hayo nilivumilia. Lakini Jumamosi tarehe nane, wazee wa Bashnet wako kwangu, binti anaulizwa jambo la maisha yake, mkamfunga mdomo. Anaonekana amekataa. Mtoto niliyemlea vizuri hivi, ameonekana mbele ya watu kama hana adabu ya kujibu.

Sigino kuna mwenye mashine ya kusaga. Hajawahi hata siku moja kunisagia debe la kwanza unga, la pili akanipa chenga. Na yeye hana shahada, hana tai, ana kofia ya unga tu. Nataka jibu, na liwe la maandishi.

Salamu sikupi.

Mama Evelyne


Mnara Mwema Intaneti
Tawi la Babati
14 Oktoba 2022

Ndugu Mteja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KASI YA HUDUMA

Rejea barua yako ya tarehe 11 Oktoba 2022. Tunakushukuru kwa kuendelea kutuamini.

Tunapenda kukufahamisha kuwa huduma yako ya Bila Kikomo haina kikomo. Hata hivyo, huduma hiyo inaongozwa na sera ya matumizi ya haki, ambapo mteja akivuka kiwango kilichowekwa kasi yake hupunguzwa hadi mwisho wa mwezi, ili wateja wengine nao wapate. Mteja haondolewi kwenye mtandao. Anapunguziwa tu.

Tumebaini pia kuwa vifaa vinavyotumia laini yako ni vingi kuliko kawaida ya nyumba moja. Tunakushauri ubadilishe neno la siri na usiwape majirani.

Kuhusu suala la posa, kampuni inakutakia kila la heri.

Wako katika huduma,
Herieli
Meneja wa Tawi


Nangara, Babati
17 Oktoba 2022

Bwana Herieli,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya akina mama wa jumuiya. Nilipofika pale "haina kikomo, hata hivyo", Mama Joyness alicheka mpaka akaomba maji. Na Mama Joyness si mtu wa kuelewa mambo haraka.

Haina kikomo lakini ukivuka kikomo unapunguziwa. Mwanangu, mama yako yupo hai? Hiyo sentensi ungeweza kumwambia yeye ukiwa umemtazama usoni? Mimi nina umri wa kukuzaa, ndiyo maana nakuuliza kwa upole. Ningekuwa mkali ungejua.

Halafu unasema majirani. Ndiyo, neno la siri nimelibandika ukutani sebuleni, chini ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kwa kalamu nyekundu, ili hata asiyeona vizuri alione. Mtoto wa jirani anasomea mitihani yake kwenye ngazi yangu. Fundi pikipiki wa kona anatazama jinsi ya kufungua injini. Siku ya posa kila mgeni aliingia na simu yake, nami nikawaambia, karibuni, tumieni. Mgeni akija kwangu haombi maji, anapewa. Nyumba ya Mama Evelyne iwe na kitu halafu mtaa ukose, hiyo itakuwa nyumba ya nani? Nyie mmezoea vipimo vya dukani, mnadhani kila mtu anaishi kwa kupunguziwa.

Na mnasema "haki". Haki ya nani? Mimi nimelipa, nyie mkapunguza, haki ikaenda upande gani?

Sasa sikiliza ninachotaka. Sitaki kurudishiwa kitu. Nataka umwandikie mzee Baltazar wa Bashnet, kwa karatasi yenye muhuri, umwambie ni nyie mliomnyamazisha binti yangu. Usipoandika, kuanzia kesho kutwa mimi na jumuiya yangu tutafanyia kikao chetu kwenye lile benchi lenu la wateja. Tunaanza na rozari, tunamaliza na chai. Sufuria tunakuja nayo.

Mama Evelyne


Kituo cha Afya, Newala
21 Oktoba 2022

Mama,

Shikamoo. Baba naye shikamoo.

Barua yako nimeipata, asante. Hapa kazi ni nyingi, na simu mara ipo mara haipo. Mtandao wa huku nao ni wa kuombea.

Mama, wale watu wa mtandao waache. Yaliyotokea yametokea. Huenda si vibaya asali ilivyorudi. Mzee Baltazar ni mtu mwenye busara, usimseme. Wewe tulia, uza vitunguu vyako, msimu huu naambiwa bei ni nzuri.

Wiki hii nimepokea mapacha, wakubwa wote wawili. Mama yao alinishika mkono hakuachia mpaka asubuhi.

Msalimie baba. Muulize yeye alionaje siku ile.

Binti yako,
Evelyne


Mnara Mwema Intaneti
Tawi la Babati
28 Oktoba 2022

Kwa Mzee Baltazar,
Bashnet

YAH: KUNYAMAZA KWA BINTI EVELYNE

Shikamoo mzee.

Kampuni inapenda kukiri kuwa tarehe 8 Oktoba 2022, wakati wa shughuli ya posa nyumbani kwa Bwana Romanus, Nangara, huduma ya mtandao ilikuwa imepunguzwa kasi kutokana na sera yetu. Kwa sababu hiyo binti hakuweza kusikia wala kujibu. Ukimya ule ulikuwa wetu, haukuwa wake.

Tunaomba radhi kwa familia zote mbili na tunaomba uzipime upya fikra zako.

Herieli
Meneja wa Tawi

Nakala: Mama Evelyne, Nangara. Mama, nimeandika kama ulivyosema, neno kwa neno. Naomba sasa akina mama warudi nyumbani. Wateja wanaingia, wanawakuta kwenye sala, wanavua kofia na kutoka.


Nangara, Babati
31 Oktoba 2022

Evelyne,

Wanarudi. Mzee Baltazar kasoma ile barua, kauangalia muhuri mbele na nyuma, kasema, "Kama kampuni yenyewe imesema, mimi ni nani." Asali inarudi Nangara mwanangu.

Hujambo? Ungeniona pale ofisini kwao. Siku ya kwanza waliniletea soda. Siku ya pili wakaniletea kiti chenye mto. Wiki ya pili huyo Herieli akatoka mwenyewe, jasho linamtoka na feni iko juu ya kichwa chake, akasema, "Mama, niambie niandike nini." Nikamwambia kaa chini mwanangu, chukua kalamu. Mtu na shahada yake anaandikiwa imla na darasa la saba. Alivyomaliza nikamrekebishia mahali pawili.

Eti hata hakufungua mashine yake kuangalia siku ile ilikuwaje. Aliandika tu ili tuondoke. Hao ndio wamepewa mnara.

Sasa ni Jumamosi tarehe 26 Novemba. Safari hii sitegemei duma mgonjwa. Mtoto wa Mama Joyness atakuja na simu yake ya laini nyingine, na majirani wote nimewaambia siku hiyo simu wazime. Mzee atakuuliza, wewe utasema "Ndiyo, fungueni", kwa sauti, usimumunye. Sosthenes ameshaongeza chumba kwenye nyumba yake. Anasema ukija utashika hesabu za duka, hutapata tena shida ya kukesha na wagonjwa. Wanaume wanaofikiria hivyo ni wachache.

Uliniambia nimuulize baba yako alionaje. Nimemuuliza wapi, mimi nina nafasi? Yuko shambani Mutuka.

Mama yako mshindi,
Antonia


Kituo cha Afya, Newala
8 Novemba 2022

Mama,

Mtandao haukuganda.

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu nikianza na salamu sitafika.

Siku ile picha ilikuwa safi kuliko siku zote. Niliona nzi kwenye sahani ya mzee Baltazar. Nilimwona Mama Joyness akichomoa nyama kwenye sahani ya jirani yake. Mzee alipouliza mara ya kwanza nilimsikia, ya pili nikamsikia, ya tatu nikamtazama. Sikujifanya picha, mama. Nilipepesa macho, nilijifuta jasho. Nilijibu kama binti wa kwetu anavyojibu akikataa. Mzee alielewa, Sosthenes alielewa, akatazama chini. Chumba kizima kilielewa. Wewe ukaruka ukasema mtandao, ukanizima.

Ningekwambia mapema. Lakini barua yako ilikuja umeshawapa lawama watu wengine, nikaona umepata pa kuegemea, nikanyamaza tena. Hilo la pili ni kosa. La kwanza si kosa.

Sosthenes alinipigia mwezi wa nane. Akaniuliza nitaacha lini kushika damu za watu. Nikamwambia siachi. Akacheka, akasema, "Mama yako ameshasema utaacha." Kumbe nilikuwa nimeshaacha na sikujua.

Wazee wa Bashnet hawanijui, na wameniuliza mara tatu. Wewe hukuniuliza hata mara moja.

Tarehe 26 sitapokea simu. Nikipokea nitanyamaza tena, na safari hii watu watakucheka wewe, na mimi sitaki wakucheke.

Mwanao,
Evelyne


Nangara, Babati
15 Novemba 2022

Bwana Herieli,

Tarehe 8 Oktoba mtandao wenu ulifanya kazi. Nimethibitisha kwa aliyekuwa upande wa pili. Siku moja katika mwaka mlifanya mlicholipiwa, na siku hiyohiyo ndiyo mkaiandikia barua yenye muhuri kuikana.

Kwa hiyo lile neno la siku ile nalifuta, na pole yangu ichukue. Nilikuonea. Lakini usinyanyue mabega. Umekiri kosa ambalo hukulifanya, na yale unayoyafanya kila mwezi hujayakiri bado. Mtu akikaa kwenye benchi lako na sufuria unaandika chochote. Akikuandikia ukweli unamjibu "hata hivyo". Sijui mama yako alikulisha nini.

Leo ni tarehe 15 na padre ameshaanza kuganda. Lile bango la stendi ama mlifute ama mlitimize. Mkikosa rangi, mimi ninayo, ya geti, imebaki.

Neno la siri halijabadilika wala halitabadilika.

Mama Evelyne


Nangara, Babati
15 Novemba 2022

Evelyne mwanangu,

Nimeisoma barua yako jikoni, nikaikunja, nikaenda kupalilia vitunguu mpaka mgongo ukaniuma. Nilikasirika. Nilisema mtoto gani huyu, ananiacha niombe rozari kwenye ofisi ya watu kwa jambo ambalo halipo. Hiyo hasira bado ninayo kidogo, utaikuta Desemba ukija likizo.

Halafu nikamuuliza baba yako. Nikamwambia, Romanus, siku ile uliona nini? Akasema, "Niliona mtoto amekataa." Nikamwambia mbona hukusema? Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unasema." Akaendelea kunywa uji wake. Nimeishi na huyu mwanamume miaka yote hii, na nafikiri na yeye nilikuwa nampunguzia.

Nakuuliza sasa, na hii ni mara ya kwanza, iandike hivyo: wewe unataka nini? Usinijibu kwa haraka. Mimi najua kusubiri, ingawa hakuna aliyewahi kuniona.

Na huyo Sosthenes. Muuza misumari anataka mkunga aache watoto wa watu akamhesabie misumari. Nikifikiria kwamba nilimwita mkwe mbele ya Mama Joyness, chakula hakishuki. Watoto unaowapokea wewe ni wengi kuliko wateja wake, na hakuna hata mmoja anayedai bei ipungue.

Tarehe 26 simu zima kabisa, ulale, au ukae na wagonjwa wako. Atakayesema ni mimi. Sitasema mtandao.

Mama yako


Nangara, Babati
16 Novemba 2022

Mzee Baltazar,

Evelyne amekataa.

Shikamoo mzee. Alikataa tarehe nane Oktoba mbele yako, kwa desturi yenu na yetu, na ukamsikia, ukashika ndoo yako kwa heshima. Aliyekuwa hasikii ni mimi. Ukasema umeona uso, na mimi nikazunguka mtaa mzima nikisema mzee wa Bashnet hajui waifai. Unaijua. Imekukuta ikifanya kazi na ukaitambua, mimi ninayeilipia sikuitambua.

Ile barua ya meneja usiitunze. Aliiandika kwa kunihofia, na muhuri haubadilishi kitu. Funikia maziwa.

Mwambie Sosthenes asitafute ubaya kwangu. Ni kijana mwenye mali na afya, atapata binti anayependa hesabu. Wangu anapenda watoto walie wakizaliwa, na mimi mama yake nimechelewa kulijua hilo, ingawa amekulia nyumbani kwangu.

Lakini ile siku sikuifuta. Mbuzi ameshafungwa, mchele upo, na mimi sijawahi kukaribisha watu nikawarudisha njiani. Njoni kama mlivyopanga, ila asali iacheni nyumbani. Mtaa wangu nimeuita wote, wa kwenye viti na wa dirishani, kwa sababu ndio walionisikia nikisema mtoto amekubali, na inabidi wanisikie nikisema hakukubali. Nitasimama mwenyewe, tivii imefunikwa kitambaa. Mama Joyness atafurahi sana, na mimi nitamwongezea nyama, mwache afurahi ameshiba. Hata yule meneja nimemwalika, aje aone vile vifaa vingi kuliko kawaida ya nyumba moja vikiwa vimekaa na kula.

Ukikataa kuja, nitaelewa, ila nitajua uliniogopa. Tunakula saa saba mchana, Jumamosi, tarehe 26 Novemba, na nawangojea wote.

Antonia, Mama Evelyne